Opera yako ya kwanza ya majaribio: anza na dakika 20

Usianze na opera ya saa mbili yenye kwaya na okestra kamili. Utaimaliza, kisha itakaa kabatini kwa kukosa wa kuigharimia. Waimbaji watatu, wapigaji vyombo wanne na kompyuta moja vinatosha. Washington National Opera, katika mpango wake wa kulea watunzi ulioanza 2012, huagiza kazi za dakika 20 vilevile.

Malizana na maneno kwanza. Ukitaka kutumia riwaya au shairi la mtu, pata kibali cha maandishi kabla ya kuandika nota hata moja. Maneno 1,000 hivi yanatosha, maana kuimba huchukua muda mara mbili au tatu ya kusoma. Libreto (maneno ya opera) ndefu ndiyo inayoua kazi nyingi za mwanzo. Maneno ya kubeba kisa yaweke sauti ya kati: soprano (mwimbaji wa kike wa sauti ya juu) akivuka mstari wa juu kabisa wa nota, irabu huanza kufanana na msikilizaji haambulii kitu.

Andika sauti na piano tu, uwape waimbaji nota wiki nne mapema, kisha fanyeni mazoezi ya siku mbili huku mkirekodi. Hapo ndipo unapokata. Kufuta mistari 12 kwenye nota za piano ni kazi ya dakika chache. Ukishagawa vyombo, utarekebisha nakala ya kila mpigaji.

Sauti za kompyuta zigawe vipande vifupi, kila kimoja kikiachiwa kwa kitufe. Faili moja refu halimsubiri mwimbaji aliyevuta pumzi zaidi.

Ukumbi si lazima uwe wa opera. Opera *Invisible Cities* ya mtunzi Christopher Cerrone ilichezwa 2013 katika stesheni ya treni ya Union Station, Los Angeles, watazamaji wakisikiliza kwa hedifoni zisizo na waya.

Video safi ya dakika tano hadi nane ndiyo ya kuwatumia waandaaji. Mtunzi Du Yun alionyesha opera yake *Angel's Bone* katika tamasha la Prototype, New York, 2016, na mwaka uliofuata akapata tuzo ya Pulitzer ya muziki. Hata hivyo watunzi wengi hufundisha au hutunga muziki wa filamu ili kodi ya nyumba ilipwe. Na usitegemee chama cha hakimiliki kukukusanyia kila kitu: huko Marekani, kibali cha kuicheza opera jukwaani hutolewa na wewe mwenyewe au mchapishaji wako, kwa mkataba wa moja kwa moja.