Somo: Kubadilisha springi na shokapu za mbele za Land Rover Series III

Somo hili linahusu Land Rover Series III fupi, ile ya inchi 88 iliyotengenezwa kati ya 1971 na 1985, na nimechagua ekseli ya mbele kwa sababu huko ndiko kazi hii inakoharibiwa zaidi. Wenye Series II na IIA watakuta karibu kila kitu ni kilekile. Wenye One Ten iliyoanza 1983 wana springi za mviringo, kwa hiyo somo lao ni jingine.

Kwanza jiridhishe kwamba kazi inahitajika. Lile jaribio la kubonyeza kona ya gari na kuhesabu linavyobembea halisaidii sana kwa 88, kwa kuwa springi zake, yaani bapa za chuma zilizopangwa moja juu ya jingine, ni ngumu na msuguano wa bapa kwa bapa wenyewe hulizuia gari kubembea. Afadhali uingie uvunguni. Shokapu yenye mafuta yaliyotiririka mwilini, si unyevu mdogo tu wa vumbi, imekwisha. Ukiifungua na kuivuta kwa mkono wima, inatakiwa ikukatalie kwa nguvu ileile mwanzo hadi mwisho. Ikiachia ghafla katikati, imekwisha pia hata kama ni kavu. Kwa upande wa springi, tazama bapa lililopasuka, hasa karibu na senta bolti, ile ya katikati inayofunga bapa pamoja, kisha uegeshe gari mahali tambarare na kupima kwa futi kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi, kulia na kushoto. Gari la usukani wa kulia lililozeeka huinama kulia, kwa sababu huko ndiko dereva anakokaa kila siku, na tangi la mafuta liko chini ya kiti hichohicho.

Kwa sababu hiyo springi za kulia na kushoto hazifanani. Ukizilaza mbili sakafuni utaona moja imepinda zaidi. Hiyo ndiyo ya upande wa dereva. Zitie alama kwa chaki kabla hujaanza, maana ukishachoka na mikono ikishajaa grisi zote zitaonekana sawa.

Vifaa: spana za inchi, jeki mbili, stendi mbili imara, kabari za mbao, nyundo nzito, msumeno wa chuma au grainda, na jiliwa kubwa. Vipuri: springi mbili, shokapu mbili, bushi za chasisi, bolti za sheko (viungo vinavyobembea mwishoni mwa springi) na nati zake za kujifunga, yubolti mpya (bolti za umbo la U zinazofunga ekseli kwenye springi) na nati zake. Yubolti ikishakazwa hadi mwisho huwa imevutika, na kuirudisha ni kubana matumizi mahali pasipostahili. Siku chache kabla ya kazi, safisha nyuzi za bolti zote kwa brashi ya waya na uzimiminie mafuta ya kulegeza kutu kila jioni.

Hatua ya kwanza ni usalama, na hapa gari hili lina tabia yake. Hendibreki ya Series haishiki magurudumu. Inashika shafti inayotoka kwenye gia boksi kwenda nyuma. Ukiinua gurudumu moja la nyuma, difu, yaani gia zinazogawa mzunguko kati ya magurudumu mawili ya ekseli, hulipa uhuru wa kuzunguka, na gari linaweza kutembea hata kama hendibreki imevutwa hadi mwisho. Leo tunainua mbele, lakini weka kabari mbele na nyuma ya magurudumu yote mawili ya nyuma, na uwe na mazoea hayo daima. Kisha inua gari, simamisha chasisi juu ya stendi nyuma ya mahali springi inapoishia, na ubebe ekseli kwa jeki ya pili. Fanya upande mmoja hadi mwisho kabla ya kugusa wa pili, kwa sababu springi iliyobaki ndiyo inayoishikilia ekseli mahali pake.

Hatua ya pili, ondoa gurudumu na shokapu. Shokapu imevaa pini ya chini iliyo kwenye bamba la yubolti, ikizuiwa na washa na pini ya kupasua. Kata pini kama imeoza. Kisha fungua nati za yubolti na uteremshe bamba. Angalia hozi ya breki wakati wote: ekseli isishuke mpaka ikaning'inia kwa hozi.

Hatua ya tatu ni kutoa springi, na hapa ndipo asubuhi yako itakapoishia. Mwisho wa nyuma wa springi umefungwa moja kwa moja kwenye chasisi kwa bolti. Mwisho wa mbele umeshikwa na sheko, yaani vipande viwili vya chuma vinavyobembea ili springi ipate nafasi ya kurefuka inapolala. Kipande cha ndani cha sheko kina nyuzi, bolti imejikaza humo, na nati yake ni ya kuizuia tu isirudi nyuma. Nimeona watu wakipiga nyundo nusu saa bolti ambayo bado imeshikwa na nyuzi za sheko. Ondoa nati, kisha izungushe bolti itoke. Ikizunguka bila kutoka, bomba la ndani la bushi limeshikana nayo kwa kutu. Kata kwa grainda kati ya sheko na springi, wala usihuzunike.

Bushi ya chasisi ina tabaka tatu: bomba la nje, raba, na bomba la ndani, vyote vimegandishwa pamoja. Toboa raba pande zote kwa drili hadi bomba la ndani lichomoke, kisha pitisha msumeno ndani ya bomba la nje na ukate mfereji mmoja kwa urefu, bila kujeruhi chasisi. Bomba likipoteza mviringo wake, hutoka kwa tindo. Ingiza bushi mpya kwa kuivuta polepole kwa bolti ndefu na washa nene. Ukiigonga kwa nyundo, utaipinda.

Hatua ya nne, pandisha springi mpya. Paka grisi ya shaba kwenye bolti, ingiza ya nyuma, kisha sheko, na ukaze kwa mkono tu. Inua ekseli au iteremshe kwa jeki hadi kichwa cha senta bolti kiingie sawasawa kwenye tundu lake. Kisipoingia, ekseli itakaa upande na gari litavuta. Funga bamba na yubolti, ukikaza nati nne kwa kupishana pembe kwa pembe. Kabla ya kufunga shokapu, isimamishe wima na uisukume na kuivuta mara kadhaa, kwa kuwa ikihifadhiwa ikiwa imelala hewa huingia inapotakiwa kuwa mafuta.

Hatua ya tano ndiyo iliyonifanya niandike. Usikaze bolti za springi na sheko wakati gari liko hewani. Raba ya bushi imegandishwa ndani na nje. Bolti ikikazwa, bomba la ndani haliwezi kuzunguka tena, na mwendo wote unabebwa na raba inayojisokota. Ukikaza springi ikiwa imening'inia, kisha ukashusha gari, raba inakuwa imesokotwa kabla hata hujawasha injini. Gari langu la kwanza lilifanyiwa hivyo kwenye gereji moja, nami nilisimama pembeni nikishukuru kwa haraka yao. Nilipokuja kulifungua, raba ilikuwa imechanika mduara mzima, na bomba la ndani lilitoka kwa kidole. Kwa hiyo rudisha magurudumu, shusha gari chini, lisukume mbele na nyuma mita chache ili springi zikae, kisha uingie uvunguni ukaze bolti zote kwa kiwango kilichotajwa kwenye kitabu cha gari. Kaza yubolti tena baada ya kilomita 100 hivi, na mara nyingine baada ya 500.

Maswali ya wanachama

Mwanachama wa Iringa: Shikamoo mwalimu. Fundi wangu anasema springi za zamani zinaweza kupashwa moto na kukunjwa upya. Je, inafaa?

Jibu: Marahaba. Chuma cha springi kimepewa ugumu wake kwa joto lililopimwa. Ukikipasha kwenye makaa kiholela, unaupoteza, na springi italala tena upesi. Wapo wanaokunja bapa likiwa baridi kwa nyundo, moja baada ya jingine, na hiyo hukaa kwa muda, ila bapa lenye ufa lisirudishwe.

Mwanachama wa Nakuru: Sisi humwagia springi oili chafu zisipige kelele. Kuna ubaya?

Jibu: Kelele itapungua na kutu itachelewa, hilo sikatai. Lakini oili hulainisha na kuvimbisha raba za bushi, na kwenye barabara zetu huokota vumbi hadi iwe msasa kati ya bapa. Tumia grisi yenye grafaiti, kidogo, kati ya bapa tu.

Mwanachama wa Arusha: Nimeletewa springi za bapa mbili nene katikati na nyembamba mwishoni. Shokapu zangu ni nzima. Nizibakize?

Jibu: Hapana, kaka. Bapa hizo hazisuguani kama zile nyingi za zamani, na msuguano ule ulikuwa ukiifanyia shokapu sehemu ya kazi. Sasa kazi yote ni ya shokapu, na mwendo wa ekseli nao umeongezeka, kwa hiyo nunua zilizokusudiwa springi hizo. La sivyo, kwenye ile changarawe yenye mikunjo kama bati ukishuka Ngorongoro kuelekea Serengeti, usukani utakusumbua vibaya.

Mwanachama wa Tanga: Nimemaliza jana, lakini mbele limesimama juu kuliko nyuma. Nimekosea wapi?

Jibu: Huenda hujakosea. Springi mpya hushuka kidogo baada ya wiki chache za kazi, na pengine za nyuma ndizo zilizochoka. Pima kulia na kushoto kwanza. Kama kushoto kumezidi kulia, fungua, umebadilishana springi.