Ukienda nyumbani kwa Beatrix Potter, beba kitabu chake

Kama unapanga kuwapeleka watoto Hill Top, ile nyumba ya Beatrix Potter, mwandishi na mchoraji wa vitabu vya watoto, kijijini Near Sawrey, kaskazini-magharibi mwa Uingereza, tafadhali usiende mikono mitupu. Beba kitabu chake cha panya Samuel Whiskers, kilichotoka 1908. Mama huyu aliinunua Hill Top mwaka 1905, akaichora humo kitabuni: ngazi zile zile, jiko lile lile la chuma lenye bomba la moshi ambamo yule paka mdogo, Tom Kitten, alipanda akapotea. Mpe mtoto kitabu, mwache alinganishe mwenyewe picha na chumba alichosimama. Akiona zinafanana, hutamtoa humo upesi!

Nyumba yenyewe ni ndogo, watu huingia kwa zamu, kwa hiyo shika tiketi mapema. Majira ya baridi huwa imefungwa.

Ukitokea mji wa Bowness, panda kivuko cha kuvuka ziwa Windermere, kisha malizia kwa miguu au basi. Watu wengi huishia hapo hapo Hill Top, na mimi naona wanajinyima. Nenda mji wa Ambleside, makumbusho ya Armitt, ukatazame uyoga aliouchora kabla hajawa mwandishi maarufu. Sogea karibu na kioo uangalie yale matamvua membamba chini ya kofia ya uyoga, alivyoyachora moja moja kwa rangi ya maji. Hata watu wazima husimama kimya pale.