Siku Nane Kabla ya Kuhamisha Miche: Hapo Ndipo Bustani za Nyumbani Zinapokufa

Masika yakikaribia kila nyumba yenye kiwanja kidogo inakuwa na trei ya miche barazani. Nyanya, hoho, sukuma wiki, bilinganya, nyanya chungu. Mbegu zimeota vizuri, miche ni ya kijani, imesimama, na mwenye nyumba anaipitia kila asubuhi kabla ya chai. Ni furaha halali. Kisha mvua ya kwanza inanyesha, ardhi inanukia, na jioni hiyohiyo miche yote inatolewa barazani na kupandwa nje. Siku ya tatu jua linawaka. Siku ya tano nusu ya miche imelala, majani yana mabaka meupe kama karatasi, na mwenye bustani yuko duka la pembejeo anaulizia dawa.

Hakuna dawa. Mche ule haukuwa na ugonjwa wala mdudu. Umeungua jua kwa sababu haukukomazwa, yaani haukuzoeshwa jua, upepo na kiu kidogo kidogo kabla ya kuhamishwa. Kosa hili linarudiwa kila msimu, na wanaolirudia zaidi ni wa bustani za nyumbani kuliko wa mashamba makubwa, kwa kuwa wao ndio wanaolea miche barazani, chini ya mwembe, au kwenye kona ya ukuta inayopata mwanga upande mmoja tu. Kupanda mbegu na kutengeneza matuta mnajua. Makala hii ni ya siku nane tu.

Mche uliokulia kivulini una jani laini na pana, na utando wa nta juu ya jani ni mwembamba sana. Utando huo ndio unaozuia maji yasipotee. Vile vitundu vidogo vya kupumulia vilivyo kwenye jani navyo havijazoea kujifunga haraka jua linapokuwa kali. Shina limerefuka kufuata mwanga, limejaa maji, nyuzi zake ni chache. Mizizi imekaa juujuu kwa sababu maji yalikuja kila siku asubuhi na jioni, haikuwa na haja ya kwenda kuyatafuta. Sasa uutoe mche huo, uupunguzie mizizi wakati wa kung'oa, uuweke kwenye jua la saa saba mchana. Jani linatoa maji mengi kuliko mzizi unavyoweza kuleta. Hesabu hiyo haiwezi kukubali hata ukimwaga ndoo nzima kwenye shimo.

Kukomaza kunarekebisha yote hayo. Ndani ya siku saba hadi kumi za jua na maji pungufu, nta inaongezeka, shina linakuwa gumu, ukuaji wa juu unapungua na chakula kinachobaki kinakwenda kwenye mizizi.

Sasa hesabu za siku, na hapa naomba msisome haraka. Siku za kukomaza ziko ndani ya umri wa mche, haziongezwi mwishoni. Wengi wanajua nyanya huhamishwa wiki nne baada ya kusia mbegu, basi wanasubiri siku ya 28 ifike, ndipo wanakumbuka kukomaza. Wakianza siku hiyo, mche unafika siku ya 36 umejikunja ndani ya kikombe, mizizi inazunguka. Au, na hili ndilo la kawaida, wanaona muda umefika wanahamisha tu. Kwa nyanya anza siku ya 20. Hoho inataka wiki sita, hivyo anza siku ya 33 na uende polepole zaidi, maana jani la hoho huungua upesi. Bilinganya na nyanya chungu huhamishwa wiki ya tano hadi ya sita. Rudi nyuma siku nane kutoka tarehe uliyopanga. Sukuma wiki na kabichi ni wavumilivu, siku tano hadi saba zinatosha.

Kwa nyanya zilizo kwenye trei, makopo au viriba, ratiba ni hii. Siku ya 20 na 21, toa miche juani kuanzia saa moja hadi saa tatu asubuhi, kisha irudishe kwenye kivuli chepesi. Kivuli chepesi ni kile kinachopitisha madoa ya jua. Ndani ya nyumba si kivuli chepesi. Siku ya 22 na 23, iache juani hadi saa tano. Siku ya 24 na 25, iache hadi saa sita mchana, itoe kwenye jua kali, na uirudishe nje saa kumi jioni. Siku ya 26 inakaa nje kutwa nzima. Siku ya 27 inakaa kutwa na usiku. Siku ya 28 jioni unahamisha.

Kama kitalu chako ni tuta lenye paa la nyasi, huwezi kubeba tuta. Punguza paa. Toa theluthi ya nyasi siku ya 20, theluthi ya pili siku ya 23, na paa lote siku ya 26. Usilivue paa zima kwa siku moja. Hiyo ni sawa na kutokomaza kabisa. Siku ya 20 hiyohiyo pitisha kisu chenye makali katikati ya mistari ya miche, kina cha sentimita 10, kwa urefu kisha kwa upana, ili kila mche ubaki na kipande chake cha udongo. Mizizi iliyokatwa itatoa vijizi vipya vingi karibu na shina, na siku ya kung'oa mche utatoka na bonge lake. Wachache sana wanafanya hivi, ingawa ni kazi ya dakika kumi.

Maji. Kuanzia siku ya kwanza ya kukomaza acha kabisa kumwagilia jioni. Mwagilia asubuhi tu kwa siku tatu, kisha ruka siku moja moja. Kipimo chako ni kidole: kikiingia sentimita 2 kwenye udongo na kukuta unyevu, usimwagilie. Jani likilegea kidogo saa saba mchana halafu likasimama lenyewe jioni, mche unajifunza, uache. Likiwa bado limelegea saa mbili asubuhi, umepitiliza, mwagilia mara moja. Makopo madogo ya mtindi hukauka haraka kuliko trei, na trei hukauka haraka kuliko tuta, kwa hiyo usizimwagilie zote kwa ratiba moja.

Busta. Hapa lazima niseme kwa ukali. Kuna mazoea ya kupulizia busta, yaani mbolea ya maji ya kupulizia majani, au kuweka urea kidogo wiki ya mwisho "ili mche uende shambani ukiwa na nguvu". Unachokifanya ni kinyume chake. Naitrojeni inauambia mche utoe majani mapya laini wakati ule ule unaotaka uwe mgumu. Siku kumi kabla ya kuhamisha hakuna urea, hakuna CAN (nayo ni mbolea ya naitrojeni), hakuna busta, hakuna maji ya samadi. Rangi ikififia kidogo kuwa ya kijani kilichopauka si njaa ya kutisha; itarudi baada ya wiki mbili bustanini.

Sasa jambo linalowaangusha hata wale wanaokomaza: mawingu. Masika yana siku tatu, nne, hata wiki nzima isiyoona jua. Siku ya wingu haihesabiwi. Mche uliokaa nje siku nne chini ya wingu zito haujakomaa. Umekaa kwenye kivuli kikubwa zaidi tu. Andika kwenye kipande cha karatasi siku zilizokuwa na jua, hesabu hizo. Zikiwa hazijafika tano, subiri, hata kama jirani ameshapanda. Mvua kubwa ikija katika siku hizo, kinga miche kwa kuiinamishia kipande cha bati au turubai mpaka mvua ipite, kisha ondoa mara moja. Miche iliyofunikwa ikiwa imelowa hushikwa na kinyausi, kile kinachooza shina usawa wa udongo na kuulaza mche usiku mmoja.

Wanaonunua miche nao wasijidhani wako salama. Miche inayouzwa kando ya barabara nyingi imetoka moja kwa moja kwenye neti ya kivuli. Muulize muuzaji swali moja: imetolewa kwenye neti siku ngapi? Akisema jana au leo, ichukue lakini anza ratiba ya siku nane nyumbani kwako. Ukipewa nafasi ya kuchagua kati ya mche mrefu laini wenye majani mapana na mche mfupi mnene wa sentimita 12, chagua mfupi. Na miche ikisafirishwa kwa bodaboda bila kufunikwa, upepo wa njiani unaikausha vibaya. Iweke ndani ya boksi.

Hoja ninayoisikia sana ni hii: "Mimi nitapanda halafu nitaweka kivuli bustanini." Kivuli cha bustanini kinasaidia mche uliokomaa upone jeraha la kung'olewa. Hakifanyi kazi ya siku nane. Ukiweka kuti au jani la mgomba juu ya mche laini kwa siku nne halafu ukaondoa, umeahirisha kifo kwa siku nne. Kwa mche uliokomazwa, chomeka kuti upande wa magharibi, ambako jua kali la mchana hutokea, liache siku tatu hadi tano, ondoa jioni. Usifunike mche kwa ndoo iliyogeuzwa. Chini ya ndoo kunachemka.

Pia unaweza kupitiliza. Mche wa nyanya uliokomazwa wiki tatu kwa kiu kali unadumaa, shina linakuwa kama kijiti, rangi inageuka zambarau, na hata ukiupa maji na mbolea baadaye unazaa matunda machache mapema halafu unachoka. Siku kumi za jua ndiyo mwisho. Mvua ikikawia, mwagilia bustani mwenyewe uhamishe, usiendelee kuitesa miche ukisubiri wingu.

Siku ya kuhamisha, mwagilia miche vizuri asubuhi na tena saa tisa alasiri. Kwa tuta, keni ya lita 10 kwa kila mita moja ya mraba. Anza kung'oa saa kumi, si kabla. Shimo liwe na kina cha sentimita 15. Changanya viganja viwili vya mboji iliyoiva na kifuniko kimoja cha soda cha DAP (mbolea ya kupandia), kama gramu 5, na udongo wa shimo, kisha weka tabaka la udongo mtupu juu yake ili mzizi usiguse mbolea. Samadi mbichi isikaribie. Nyanya izamishe mpaka karibu na majani ya kwanza, kwani shina lake lililofukiwa hutoa mizizi. Hoho usiizamishe, ikae usawa uleule iliokuwa nao kitaluni. Shika mche kwenye jani au bonge la udongo, usibane shina. Mimina lita moja ya maji kwa kila shimo. Nafasi ya sentimita 60 kati ya mistari na 50 kati ya mche na mche inatosha kwa nyanya fupi. Ndefu za kufunga kwenye miti zitake 75 kwa 60.

Zungushia shina kipande cha boksi chenye urefu wa sentimita 5, sentimita 2 zikiwa chini ya udongo. Hiyo ni kinga dhidi ya sota, yule funza anayekata shina usiku na kukufanya ulaumu kuku.

Baada ya hapo mche unaweza kulegea mchana kwa siku mbili au tatu na kusimama jioni. Usikimbilie kupulizia chochote. Mabaka meupe makavu kwenye majani ya juu ni jua. Mche ukitoa jani jipya la kijani katikati, utapona. Ukiona mche umenyauka wote ukiwa bado kijani, na hausimami hata asubuhi, ung'oe, kata shina karibu na mzizi, litumbukize kwenye glasi ya maji safi. Likitoa uzi mweupe kama maziwa ndani ya dakika chache, hiyo ni mnyauko bakteria na ni kesi nyingine kabisa. Usipande tena nyanya, hoho wala bilinganya mahali hapo. Usipoona uzi, rudi kwenye hesabu zako za siku na maji.

Mche uliokubali utaonyesha jani jipya siku ya saba hadi ya kumi. CAN, kifuniko kimoja cha soda, iwekwe wiki ya tatu, sentimita 10 kutoka kwenye shina.

Kila miche kumi unayopanda bakiza mmoja wa kurudishia mapengo, na kurudishia kufanyike ndani ya siku kumi, la sivyo mrudishio utafunikwa na wenzake. Miche hiyo ya akiba ndiyo inayosahaulika zaidi: watu huirudisha barazani "isiungue". Iache nje palepale bustanini, makopo yake yakiwa yamefukiwa nusu kwenye udongo, ipate jua na maji sawa na iliyopandwa.