Taulo safi zaidi: kulinganisha vitu vingi kwa Kiingereza bila kupotosha maana

Nafundisha Kiingereza jioni hapa Moshi, na wanafunzi wangu wengi wanafanya kazi kwenye hoteli zinazopokea wapanda mlima. Jioni moja dada mmoja wa mapokezi alikuja darasani na kikaratasi mkononi. Mgeni alikuwa amekiacha mlangoni pa chumba chake: "More clean towels, please." Dada akaelewa kwamba mgeni analalamika, taulo alizopewa si safi vya kutosha. Akapanda ngazi, akaomba radhi sana, akazikusanya taulo zote zikafuliwe upya. Mgeni akabaki ameduwaa, maana alichotaka ni taulo nyingine mbili tu.

"Mwalimu, nimekosea wapi? Si ameandika taulo safi zaidi?"

Nilimwambia kwamba Kiswahili chake ndicho kilichomwelekeza huko. Kwetu "taulo safi zaidi" ni taulo zilizo safi kuliko hizi, na pia ni taulo safi za kuongezea hizi. Kiingereza, kwa sentensi ile, kina njia mbili tofauti. Hatua ninazofuata darasani ni hizi.

Hatua ya 1: Wingi uweke kwenye nomino, uuache hapo

Kosa ninalolisahihisha kuliko yote ni "biggers rooms". Halitokani na uvivu. Anayeliandika amelelewa na lugha yenye ngeli: chumba kikubwa, vyumba vikubwa, mti mrefu, miti mirefu. Masikio yake yanadai upatanisho, na kwa kuwa Kiingereza kina "s" ya wingi, anaipachika kila mahali.

Dawa yake tunayo humu humu nyumbani. Angalia vivumishi tulivyovipokea kutoka Kiarabu: safi, rahisi, ghali, hodari. Tunasema chumba safi, vyumba safi, mtu safi, watu safi. Havibadiliki. Basi kila kivumishi cha Kiingereza kichukulie kama "safi": "a bigger room", "bigger rooms", "a better child", "better children". Nomino peke yake ndiyo inayobeba wingi.

Kiingereza nacho zamani kilikuwa na upatanisho. Kile kilichozungumzwa kabla ya mwaka 1100 hivi kilibadilisha kivumishi kufuata jinsia na idadi ya nomino. Viambishi hivyo vikamomonyoka polepole, na kufikia mwaka 1500 vilikuwa vimekwisha. Napenda kuwasimulia wanafunzi habari hii, kwa sababu wengi wanadhani ngeli ni mzigo wetu peke yetu.

Ukikutana na "my elders", usishtuke. Hapo neno limeshageuka nomino, yaani wakubwa zangu au wazee wangu, ndiyo maana limechukua "s".

Hatua ya 2: Chagua umbo la ulinganishi, moja tu

Kivumishi cha silabi moja huongezwa "-er": "cheap" inakuwa "cheaper", na "big" inarudufisha konsonanti kuwa "bigger". Cha silabi mbili kinachoishia na "y" hubadilisha "y" kuwa "i": "happy", "happier". Virefu hutanguliwa na "more": "more comfortable", "more expensive". Vichache vina njia yao, na hivi ukariri tu: "good" ni "better", "bad" ni "worse".

Usitumie maumbo yote mawili kwa pamoja. "More better rooms" inatokana na "vyumba bora zaidi", ambayo kwetu ni sahihi kabisa. Lakini ndani ya "better" mna "zaidi" tayari.

Hatua ya 3: Kagua kinachotangulia

Kivumishi hukaa mbele ya nomino: "cleaner rooms". Sasa rudi nyuma neno moja. Je, umeacha "a"? Iondoe, kwa maana "a" ni ya kitu kimoja. "This" na "that" hugeuka "these" na "those": "these cheaper rooms". "Other" ikisimama mbele ya nomino haipokei "s", kwa hiyo ni "other bigger rooms", si "others bigger rooms".

Kuna jambo moja hapa linalowatisha hata wanafunzi wazuri. Wamefundishwa kwamba "much" haiendi na vitu vinavyohesabika, wakikutana na "much bigger rooms" wanaona ni kosa. Si kosa. "Much" hapo haigusi vyumba, inagusa ukubwa: vyumba vikubwa kwa mbali. Ukiandika "many bigger rooms" umehesabu vyumba: vyumba vingi, navyo ni vikubwa zaidi. Zote mbili ni sahihi, ila mgeni akizisoma atatarajia vitu viwili tofauti.

Hatua ya 4: Iulize "more" inashika neno gani

Hapa ndipo taulo za yule dada zilipo, na hapa ndipo ninapotumia nusu ya kipindi.

Kivumishi kifupi kinakusaidia. Ulinganishi wa "clean" ni "cleaner". Kwa hiyo "cleaner towels" ni taulo zilizo safi kuliko hizi. Mgeni akiandika hivyo, kweli analalamika, nenda kaombe radhi. Akiandika "more clean towels", basi kwa kawaida "more" inahesabu taulo. Anataka nyongeza.

Kivumishi kirefu hakina huruma hiyo. Soma: "We have more comfortable rooms." Inaweza kuwa "tuna vyumba vyenye starehe kuliko hiki", na inaweza kuwa "tuna vyumba vingine vyenye starehe". Mwingereza mwenyewe akiisoma peke yake hawezi kujua. Hata namba haiokoi: "three more comfortable rooms" bado ina maana mbili.

Mimi nawafundisha kuikwepa kabisa sentensi ya namna hiyo katika barua za kazi. Kama unasema ubora, peleka kivumishi nyuma ya nomino: "rooms that are more comfortable than this one". Kama unasema nyongeza, iache "more", tumia "other": "three other comfortable rooms". Sentensi itarefuka kidogo, lakini mgeni hatafunga mizigo yake kuhamia chumba kinachofanana na alichotoka.

Hatua ya 5: Upande wa upungufu

"Fewer" hupunguza idadi, "less" hupunguza sifa. "Fewer expensive rooms" ni vyumba vya bei kubwa lakini vichache. "Less expensive rooms" ni vyumba vya bei nafuu. Kwa mwenye hoteli hiyo ni tofauti ya pesa. Waingereza wenyewe wanabishana kuhusu "less" mbele ya vitu vya kuhesabika: mwaka 2008 maduka ya Tesco yaliamua kubadilisha mabango ya malipo yaliyosema "10 items or less" yakaandikwa "Up to 10 items". Wewe kwenye mtihani andika "fewer".

Hatua ya 6: Linganisha wingi na wingi

Ukitaja unacholinganisha nacho, "than" huja mahali pa "kuliko". Lakini usiandike "Our rooms are bigger than that hotel." Umelinganisha vyumba na jengo zima. Weka "those" isimame badala ya vyumba: "bigger than those in that hotel". Ni kama tunavyosema "vikubwa kuliko vya hoteli ile". Ile "vya" ndogo ndiyo "those" yao.

Sasa chukua kalamu, ufunike mstari unaofuata kila swali.

Tuna vitanda virefu zaidi.
"We have longer beds."

Hizi buti ni nzito kuliko zile za jana.
"These boots are heavier than yesterday's."

Tunahitaji waongozaji wengine wenye uzoefu, kundi limekuwa kubwa.
"We need other experienced guides, the group has grown." Ukiwa umeandika "more experienced guides", waongozaji ulionao watadhani unataka kuwabadilisha.