Kuuza motohomu kuukuu ya kifahari bila dila: tulivyofanya na mzee wetu hapa Texas

Mwaka jana nilimsaidia mzee mmoja wa jumuiya yetu hapa Dallas kuuza motohomu yake (gari la kusafiria na kulala, wengine huiita RV), Monaco Dynasty ya 2004, futi 40, injini ya dizeli iko nyuma, Cummins ISL, gia Allison, ndani kabati za mbao na sofa za ngozi, yaani nyumba kabisa. Dila (mfanyabiashara wa magari) alimpa bei ya dola 24,000. Tukakaa nayo miezi minne tukauza wenyewe 41,500. Tangu hapo kila mwenye RV iliyochoka kwenye uwanja wake ananipigia mimi, na mimi ni dereva wa roli tu jamani, kwa hiyo naandika mara moja hapa, mtu akiniuliza namtumia linki.

Kabla ya yote mjue mteja wenu ni nani. Benki nyingi hazikopeshi gari la miaka 20, kwa hiyo anayekuja ni mtu wa keshi, mara nyingi mstaafu ambaye ameshawahi kuwa na RV na anajua mahali pa kuchungulia. Huyo humdanganyi na usijaribu.

Hatua ya 1: Bei

Anza na J.D. Power, orodha ya bei za magari (wakongwe bado wanaiita NADA), halafu ingia RV Trader, tovuti ya matangazo ya RV, uone wenzako wa mwaka ule ule wanataka ngapi. Ila bei iliyoandikwa siyo bei iliyouzwa, ukikuta tangazo limekaa miezi nane ujue bei hiyo imekataliwa miezi nane. Mzee alitaka kujumlisha kila risiti aliyowahi kulipa, pamoja na televisheni mpya. Hapana mzee, risiti zinasaidia gari liuzike, haziongezi bei. Tuliandika 46,000 tukijua tutashuka.

Hatua ya 2: Taito, yaani hati ya umiliki wa gari (soma yote, usiruke)

Hapa ndipo tulipoteza wiki sita na mteja mmoja mzuri sana wa kutoka Oklahoma.

Nilimuuliza mzee taito ipo? Akanijibu, "Ipo mwanangu, kabatini, mkopo nilimaliza 2016." Nikaridhika. Mteja akaja, akaendesha, akapenda, tumekaa mezani tufunge biashara ndio mzee analeta taito, naiangalia naona sehemu ya mwenye dai (aliyekopesha pesa za gari) bado kuna jina la benki. Mkopo umelipwa kweli, lakini barua ya kuachilia lile dai mzee hakumbuki kuipata, na benki yenyewe haipo tena, ilishanunuliwa na nyingine. Mteja akatuaga vizuri, hakurudi.

Kwa hiyo leo hii, kabla hata hujapiga picha, toa taito uisome mbele na nyuma. Ukikuta jina la benki na huna barua ya kuachilia, fanya hivi:

Ingia tovuti ya FDIC (shirika la serikali linalokatia bima amana za benki), kuna kitu kinaitwa BankFind, andika jina la benki ya zamani itakuambia ilikwenda wapi. Kuna njia mbili na usizichanganye kama nilivyozichanganya mimi. Kama benki ilifilisika na serikali ikaichukua, FDIC wenyewe wanaweza kukusaidia kupata barua. Kama ilinunuliwa tu kibiashara, FDIC hawahusiki, unaenda kwa benki iliyoinunua. Yetu ilikuwa ya pili lakini mimi niliwasumbua FDIC kwanza, wiki moja ikapotea hivi hivi.

Ukipiga simu benki mpya, wa kwanza kupokea atakuambia hiyo akaunti haipo. Atakuwa anasema kweli, kwenye skrini yake haipo. Omba kitengo kinachoshughulika na barua za madai ya mikopo iliyolipwa, uwe na namba ya chasisi, kopi ya taito pande zote mbili, na stetimenti ya malipo ya mwisho. Mzee alikuwa nayo hiyo stetimenti kwenye bahasha moja na vyeti vya ubatizo vya watoto, Mungu ni mwema. Barua waitume yenyewe kwa posta, ile halisi iliyosainiwa. Walitutumia skani kwa barua pepe tukaenda nayo kaunti tukarudishwa.

Halafu unapeleka barua, taito ya zamani, kitambulisho na fomu 130-U (ya kuomba taito) kwenye ofisi ya kodi ya kaunti, unalipa dola 28 au 33 kutegemea na kaunti, unasubiri taito safi ije kwa posta.

Tumemaliza? Wapi! Taito ina majina mawili, mzee na mama, na wote wanatakiwa kusaini. Mama yupo Moshi, ameenda kumuona dada yake, anarudi baada ya miezi mitatu. Suluhisho ni fomu VTR-271 ya kumpa mtu mwingine mamlaka ya kusaini kwa niaba yako, tukaituma kwa DHL, mama akasaini akarudisha pamoja na kopi ya kitambulisho. Kwa hiyo angalia na majina pia.

Na hii yote ni Texas. Ohio na Oklahoma kwa mfano muuzaji anasaini mbele ya notari, kwa hiyo ulizia jimbo lako. Popote ulipo usisaini mapema "ili iwe tayari", na ukikosea usifute wala kupaka ile dawa nyeupe, taito iliyochakachuliwa inakataliwa, unarudi mwanzo.

Hatua ya 3: Usafi

Osha.

Hatua ya 4: Maji, tairi na friji

RV inauawa na maji kuliko kilomita. Panda juu ya paa, angalia gundi ya kuzibia kuzunguka matundu ya feni na viyoyozi, ikiwa imepasuka ziba kwa ile gundi ya paa la RV inayojisambaza yenyewe, siyo silikoni ya bafuni tafadhali. Bonyeza kuta kwa kiganja, pakilegea au pakitoa malengelenge kwa nje maji yameshaingia, basi piga picha uweke kwenye tangazo. Nasema hivyo kwa sababu mteja mzoefu anakuja na kipima unyevu mfukoni, atakuta tu, na akikuta mwenyewe anaanza kujiuliza umeficha nini kingine.

Tairi za mzee zilikuwa na kashata (meno ya tairi) nzuri kabisa, zinang'aa, akasema hizi hazijatembea. Tatizo ni umri. Soma tarakimu nne za mwisho za namba ya DOT iliyochapwa ubavuni mwa tairi, mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka, 3215 ni wiki ya 32 ya 2015. Wakati mwingine zinakuwa upande wa ndani, itabidi ulale chini na tochi. Tairi la namna hiyo likipita miaka saba hata kama lina kashata watu wa RV hawalitaki. Mimi nilisema tusibadilishe, tuandike tarehe waziwazi na tushushe bei, maana mnunuzi ana chapa yake anayoipenda. Wengine watakubishia. Sawa.

Friji ya gesi na umeme iwashe siku moja kabla mteja hajaja, haipoi kwa saa mbili. Jenereta iunguruze mara moja kwa mwezi ikiwa na mzigo, washa na viyoyozi.

Hatua ya 5: Picha

Simu inatosha. Asubuhi, mapazia wazi, slaidi (sehemu za ukuta zinazosukumwa nje kuongeza nafasi) zimetoka nje, vyombo vimeondolewa, na uwapigie vitu visivyo na urembo pia: tarehe za tairi, mita ya saa za jenereta, odometa, chumba cha injini, paa, sehemu ya chini. Sisi tuliweka picha 47. Wale wanaoweka sita halafu moja ni ya machweo ya jua sijui wanamuuzia nani.

Hatua ya 6: Tangazo

Lipia RV Trader, hapo ndipo wapo wanunuzi wa dizeli. Facebook Marketplace weka pia lakini jiandae, kuna watu wanauliza kama utabadilishana na boti. Usiandike "inatembea vizuri sana", kila mtu anaandika hivyo. Yetu kwa Kiswahili ilikuwa hivi:

"Dynasty ya 2004, maili 71,000, wamiliki wawili, haijavutiwa sigara. Risiti za servisi tangu 2013. Paa limezibwa upya mwezi wa tatu, hakuna mahali pamelegea. Tairi ni za 2015, bei imezingatia hilo. Mota ya pazia la nje upande wa abiria haifanyi kazi. Ngozi ya kiti cha dereva imechanika kidogo, angalia picha ya 31. Taito safi ipo mkononi."

Sentensi ya mwisho tuliipata kwa jasho. Na mtu akiuliza vipuri vitapatikana wapi wakati kampuni ya Monaco ilifilisika 2009, mjibu kwamba injini ni Cummins na gia ni Allison, vinatengenezwa kwenye gereji yoyote ya maroli. Kuhusu maili, sisi wa maroli gari la maili 71,000 tunaona bado lipo kwenye nailoni.

Hatua ya 7: Matapeli

Watakuja siku ya kwanza. Anayeomba umtumie namba sita zilizoingia kwenye simu yako "ahakikishe wewe ni mtu halisi" anakuibia namba yako ya simu. Anayetaka ununue ripoti ya gari kwenye tovuti usiyowahi kuisikia, futa. Anayetuma hundi kubwa kuliko bei halafu anaomba chenji, futa. Mzee alikuwa anawajibu wote kwa heshima, "asante kijana wangu", nikamnyang'anya simu.

Hatua ya 8: Mteja akija

Usiipashe injini moto kabla. Mwache aisikie ikiwaka baridi, akikuta imeshachemka atadhani unaficha moshi. Endesha wewe kwanza, yeye akae pembeni, halafu akishika usukani uwe umeshaona leseni, maana hapa Texas RV inayozidi paundi 26,000 inataka leseni ya daraja B hata kama siyo ya biashara. Akitaka kuleta mkaguzi wake mwambie karibu, analipa yeye. Na kama unaweza uza mwezi wa tatu au wa nne, usisubiri Julai, kwa joto la Dallas hakuna anayekaa ndani kukagua kabati.

Hatua ya 9: Pesa

Benki ya mnunuzi, saa za kazi, wote mpo pale. Hundi ya benki uione inachapwa mbele yako au afanye waya (kuhamisha pesa benki kwa benki) usubiri iingie. Hundi aliyokuja nayo kwenye bahasha hapana, benki yako inaweza kukuonyesha pesa leo na kuzirudisha baada ya wiki mbili ikigundulika ya bandia.

Baada ya hapo nendeni wote ofisi ya kodi ya kaunti, TxDMV (idara ya magari ya Texas) wenyewe wanashauri hivyo, ng'oa namba za gari, na utume taarifa ya kuhamisha umiliki mtandaoni siku ile ile ingawa una siku 30. Bandua na stika ya barabara za kulipia kwenye kioo. Mzee alisahau, na jamaa akaenda nayo hadi Houston kwa akaunti ya mzee.