Jinsi ya Kutengeneza Filamu ya Hali Halisi Kuhusu Wapika Munkoyo wa Lubumbashi

Mtu akitaja kinywaji cha Lubumbashi, wengi hufikiria kwanza bia ya Simba, inayotengenezwa kiwandani hapa hapa mjini. Hata hivyo, katika nyua za Katuba, Kenya na Ruashi, ambazo ni komini (wilaya) za mji huu, kuna akina mama wanaopika munkoyo, kinywaji cha uji wa mahindi, kwa sufuria, ndoo na mizizi ya porini, na kazi yao inastahili filamu nzima. Mwongozo huu unaeleza utaratibu niliofikia, nikiwa na kamera moja na msaidizi mmoja, baada ya kukosea mara kadhaa. Ratiba ya filamu ya namna hii hupangwa na sufuria, nawe mpiga picha unafuata.

Hatua ya kwanza: hudhuria mapishi mazima bila kamera

Munkoyo huanza na uji wa mahindi unaopikwa mpaka uive vizuri, kisha huachwa upoe hadi uwe vuguvugu. Hapo ndipo hutiwa mizizi ya mmea ambao nao huitwa munkoyo, ikiwa imekwisha kupondwa kwenye kinu. Mizizi hiyo ina vimeng'enya vinavyovunja wanga wa mahindi na kuugeuza sukari, ndiyo maana uji mzito hulainika na kuwa mtamu bila kutiwa sukari ya dukani. Uji ukiwa wa moto mno vimeng'enya huharibika. Ukiwa baridi mno hufanya kazi kwa uvivu. Baada ya kuchujwa, chachu na bakteria huendelea na kazi yao, na kinywaji ambacho mwanzoni ni kitamu kiasi cha kunyweka na watoto hugeuka kikali na chenye kileo kadiri saa zinavyopita.

Kaa uani na daftari, uandike saa ya kila tendo: moto umewashwa lini, uji umeepuliwa lini, mizizi imetiwa lini, wateja wa kwanza wamefika lini. Ukurasa huo ndio utakaokuwa mpango wako wa kupiga picha.

Hatua ya pili: omba ruhusa kwa mpangilio

Anza na mama mwenyewe, kisha mkuu wa mtaa, kisha ofisi ya komini, na utembee na hati ya kazi yenye mhuri, kwa sababu kamera barabarani huvuta maswali. Muulize mama mapema ni kitu gani hataki kionekane. Wapo wanaopika pia lutuku, ile pombe kali ya kukinga mvuke, ambao hawapendi vyombo vyao vionyeshwe. Ukiahidi kutoviingiza katika picha, usiviingize hata pembeni. Wateja pia wana haki ya kukataa, na mtu aliyekubali akiwa na kikombe cha nne mkononi aulizwe tena kesho yake.

Hatua ya tatu: vifaa

Simu nzuri inatosha, mradi uwe na stendi na maikrofoni ya kubana kwenye nguo. Rekodi fremu 25 kwa sekunde na shata (muda wa kila picha kupokea mwanga) ya sekunde 1/50, kwa kuwa umeme wetu ni wa hezi 50 na mpangilio huo hupunguza kumetameta kwa taa. Sauti iwe ya kilohezi 48, na vilele vyake visizidi desibeli -12 au karibu na hapo. Chaji betri zote umeme unapokuwepo, hata saa nane za usiku.

Hatua ya nne: siku ya mapishi

Fika kabla moto haujawashwa. Jiko la makala (makaa) hutoa mwanga hafifu na mwekundu, na kamera ikiachiwa ijiamulie itapandisha mwangaza hadi picha ijae chembechembe. Kwa hiyo pima mwangaza kwenye uso wa mama, uufunge usibadilike, na uache pembe za jiko ziwe nyeusi. Mvuke wa uji hupofusha lenzi kwa dakika nzima. Simama upande upepo unakotoka, na uwe na kitambaa kikavu mfukoni.

Sasa tuje kwenye tukio lenyewe. Mama hugusa ubavu wa sufuria kwa mgongo wa mkono, hungoja, hugusa tena, kisha hutia mizizi na kuanza kukoroga. Mwanzoni mwiko huenda kwa shida na uji huinuka nao kama bukari (ugali) ambayo haijakaza. Kisha, bila mtu kuongeza tone la maji, mwiko huanza kuwa mwepesi, uji huteleza kutoka kwenye ubao, na mwishowe hutiririka. Tukio hilo lirekodiwe bila kukatwa, kamera ikiwa kwenye stendi, ikitazama mwiko na mikono kwa pamoja. Mara yangu ya kwanza nilikuwa nabadilisha kadi ya kumbukumbu. Nilipomwomba mama arudie, alicheka, akanijibu, "Mwanangu, uji ukisha kuwa maji haurudi kuwa uji." Nilisubiri siku nne hadi mapishi mengine. Tangu siku hiyo naweka kadi tupu na betri iliyojaa mara tu uji unapoepuliwa, hata kama vilivyomo havijatumika hata nusu.

Usiku, rekodi sauti peke yake. Weka maikrofoni karibu na mdomo wa ndoo, mbali na redio ya jirani, nawe utasikia mapovu yakipasuka. Sauti hiyo itakufaa sana wakati wa uhariri.

Hatua ya tano: fuata mizizi

Muulize mama ananunua wapi mafungu ya mizizi, kisha umwulize muuzaji yalichimbwa wapi. Misitu ya miombo iliyozunguka mji imerudi nyuma kwa sababu ya uchomaji wa makala, hivyo swali dogo la soko linaweza kukupeleka mbali kwa pikipiki. Kwa maoni yangu safari hiyo hufungua filamu vizuri kuliko bomba la moshi la Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, na kilima chake cheusi cha mabaki ya madini, ambavyo karibu kila anayepiga picha Lubumbashi huanza navyo.

Hatua ya sita: mazungumzo

Usimkalishe mama kwenye kiti na kumwelekezea taa. Mhoji akiwa anachuja au anapeta, kwa Kiswahili cha nyumbani au kwa Kibemba akipenda, na umwache amalize kimya chake kabla ya swali jingine.

Hatua ya saba: uhariri na onyesho

Nakili kila kitu kwenye diski mbili zisizokaa nyumba moja. Programu ya Kdenlive ni ya bure, na DaVinci Resolve ina toleo la bure, ingawa hili la pili hudai kompyuta yenye nguvu. Panga filamu kwa saa za daftari lako, na manukuu yasizidi mistari miwili kwa wakati mmoja.

Kabla ya kuitoa, ionyeshe uani kwa shuka jeupe na projekta ya kukodi, wapishi wenyewe wakiwa mbele. Katika onyesho langu, mama mmoja alisimamisha picha ya mafungu sokoni na kusema kwamba mizizi ile ilikuwa mikavu mno, hakuna mpishi angeinunua. Nilirudi sokoni Jumamosi iliyofuata, alfajiri, pamoja naye, akachagua fungu ambalo sasa linaonekana katika filamu.