Kumwandaa Daktari Anayewatibu Mahabusu wa Polisi

Anayeandaa mafunzo haya asianze na sheria, aanze na mgonjwa: mtu ameletwa kituoni usiku, ananuka pombe, maneno hayamtoki sawasawa, na askari wa zamu anasema aachwe alale mpaka asubuhi. Daktari afundishwe kwamba harufu ya pombe haiondoi uwezekano wa damu kuvuja ndani ya fuvu, wala wa sukari kushuka, na kwamba lolote kati ya hayo laweza kumuua mtu aliyedhaniwa ni mlevi tu. Kwa hiyo apime sukari kwa tone la damu ya kidole, apapase kichwa chote, atazame mboni za macho na akadirie fahamu kwa kipimo cha Glasgow, chenye alama 3 hadi 15. Zoezi hili lirudiwe hadi mkono uzoee. Afundishwe pia kumwachia askari maagizo ya maandishi: mtu huyo aamshwe kila nusu saa na asubiriwe mpaka ajibu, kwani kumchungulia kupitia nondo hakutoshi. Asiyeamka akimbizwe hospitali, iwe Mnazi Mmoja kule Unguja au Abdalla Mzee kule Mkoani, Pemba, bila kungoja idhini ya mpelelezi.

Zifuatie dawa za kila siku. Anayetumia methadoni, dawa ya kutibu uraibu wa heroini, asikatiziwe dozi kwa kuwa amekamatwa, na mwenye kifafa, pumu au selimundu aulizwe dawa zake ziko wapi na nani atazileta. Mwezi wa Ramadhani, mwenye kisukari aulizwe kama amefunga na lini alichoma insulini.

Kuhusu majeraha, mwanafunzi ajaze PF3, fomu ya polisi ya taarifa za majeraha, kwa kueleza mahali, ukubwa na umbo la kila jeraha, pamoja na maneno ya mgonjwa mwenyewe, wala asikisie umri wa vilio vya damu, yaani damu iliyovilia chini ya ngozi, kwa kutazama rangi. Itifaki ya Istanbul, mwongozo wa Umoja wa Mataifa wa kuchunguza na kuandika ushahidi wa mateso, iliyorekebishwa mwaka 2022, ndiyo msingi mzuri wa somo hili.

Lililo gumu zaidi ni faragha. Katika visiwa ambamo daktari na askari huenda walikaa dawati moja skuli, kumwambia mwenzio atoke ni mtihani, na mihadhara peke yake haimwandai mtu kwa hilo. Basi waigize, mmoja awe askari anayekataa, na kila daktari aseme kwa sauti, kwa heshima, bila kusita: “Afande, naomba usimame pale nje, utuone lakini usitusikie.”